Injini ya Impreza WRX STI imenoki: niijenge upya iliyopo au ninunue ya mtumba?

Mleta uzi (Dar es Salaam)

Wakuu, heshima kwenu. Naomba ushauri wa wenye uzoefu na injini za Subaru zenye turbo, hususan EJ207 ya lita mbili iliyomo kwenye Impreza WRX STI. Gari langu ni la mwaka 2004, liliagizwa kutoka Japani, na kabla ya tatizo hili halikuwa na historia ya kuchemsha wala ya kula oili kupita kiasi. Nikiwa natoka Morogoro kurudi Dar es Salaam, muda mfupi baada ya kupita Chalinze, taa ya oili iliwaka na kuzimika, kisha ukaanza mlio wa kugonga uliokuwa unaongezeka kadiri mzunguko wa injini unavyopanda, na uliosikika zaidi pale nilipoachia mafuta. Nilizima injini, nikaegesha pembeni, na gari likavutwa hadi gereji. Tangu siku hiyo halijawashwa tena.

Mafundi watatu wamenipa majibu matatu. Wa kwanza anasema tubadilishe beringi za konrodi (fimbo zinazounganisha pistoni na krankishafti, yaani shafti kuu ya injini) pekee, kwa sababu injini haijajam na gharama itakuwa ndogo. Wa pili anashauri ninunue injini ya mtumba iliyotoka Japani, ambayo bei yake pamoja na kuifunga inakaribia nusu ya thamani ya gari. Wa tatu anataka tuijenge upya yote, tuweke na pistoni zilizofuliwa badala ya zile za kiwandani zilizomiminwa kwenye kalibu. Gari nalipenda na sina mpango wa kuliuza, lakini sitaki kulipa mara mbili kwa tatizo moja. Ni kwa vigezo gani mtu huamua jambo hili?

Mdau (mjenzi wa injini, Arusha)

Mkuu, umefanya vyema kutoliwasha tena, maana injini inayogonga ikiendelea kuzungushwa hata kwa dakika chache tu huweza kugeuza tatizo la beringi kuwa tatizo la konrodi iliyotoboa bloku, na hapo mjadala huu wote unakwisha.

Nianze na ushauri wa fundi wa kwanza, kwa kuwa ndio unaovutia mfukoni na ndio wenye kasoro kubwa zaidi. Kwenye injini nyingi ambazo silinda zake zimesimama kwenye mstari mmoja, fundi anaweza kufungua sampu (bakuli la oili chini ya injini) gari likiwa juu ya stendi, akalegeza vifuniko vya konrodi na kuingiza beringi mpya bila kuitoa injini. Hiyo ndiyo kazi anayoifikiria. Injini ya Subaru imelala: silinda mbili zinatazama kulia na mbili zinatazama kushoto, na bloku yake ni nusu mbili zilizoshikana kwa boliti katikati, krankishafti ikiwa imebanwa baina yake. Ukitaka kuzifikia beringi za konrodi, lazima uishushe injini, utoe mkanda wa taimingi, utoe hedi zote mbili, uchomoe pini za pistoni kupitia matundu ya pembeni, kisha utenganishe bloku. Ukifika hapo umekwisha kulipa sehemu kubwa ya ufundi wa kujenga injini nzima. Kwa hiyo "beringi pekee" kwenye EJ, yaani familia ya injini hizi, haipo. Kilichopo ni kuifungua injini yote na kisha kuamua kurudisha vipuri vingapi vya zamani.

Kuhusu majibu mawili yaliyobaki, msimamo wangu ni kwamba hakuna mtu, mimi nikiwemo, anayeweza kukuambia ujenge au ununue kabla ya kujua mambo mawili: ni nini kilichoharibika kwa vipimo, na ni kwa nini kiliharibika. La pili ndilo linalosahaulika zaidi, nalo ndilo linalowafanya watu walipe mara mbili.

Anza na vipimo vya bei nafuu. Mwaga oili kwenye chombo safi, kisha chana filta kwa kikatio, si kwa msumeno, kwa sababu msumeno utaacha unga wake wa chuma na kukupotosha. Ikunjue karatasi ya ndani, ikamue, na ipitishie sumaku. Chembe zinazong'aa ambazo sumaku haizivuti zinatoka kwenye beringi. Zile zinazovutwa zinatoka kwenye chuma chenyewe, yaani krankishafti au konrodi, na hiyo ni habari mbaya zaidi. Baada ya hapo pima uvujaji wa silinda kwa hewa ya kompresa, kwa sababu kipimo hiki hakihitaji kuiwasha injini. Pistoni ikiwa juu na vali zote zimefungwa, ingiza hewa kwa presha inayojulikana na usikilize inakotokea: ikisikika kwenye mfuniko wa oili, lawama iko kwenye ringi au pistoni, ikisikika kwenye egzosi, ni vali ya kutolea moshi, maji ya rejeta yakitoa mapovu, ni gasketi ya hedi. Wako wanaomwaga oili kidogo ndani ya silinda ili kutenganisha tatizo la ringi na la vali. Kwenye injini iliyolala kipimo hicho hakiaminiki sana, kwa kuwa oili hukusanyika upande wa chini wa silinda na kuiacha sehemu ya juu ya ringi ikiwa kavu.

Iangalie kwa makini silinda namba 4, ile ya nyuma upande wa kushoto. Ndiyo inayojulikana kwa kupata joto kuliko wenzake, na kuta za pistoni zinazoshikilia ringi hupenda kupasuka hapo. Ikiwa uvujaji wa namba 4 ni mkubwa na zile tatu ziko sawa, basi una magonjwa mawili, na beringi ni mojawapo tu.

Leta majibu ndipo tuendelee.

Mdau (Nairobi)

Ndugu zangu, naomba niutetee upande wa injini ya mtumba, maana naona unatupwa mapema. Huku Nairobi, Subaru ni gari la watu tangu enzi ambazo Colin McRae alishinda Safari Rally na Impreza mwaka 1997 na Richard Burns akairudia kazi hiyo mwaka 2000, na kwa sababu hiyo soko la injini zake ni pana. Ukitembea Kirinyaga Road unapata EJ za kila aina. Mwenye gari la kazi hawezi kukaa akisubiri vipuri kutoka nje, karakana ya kuchonga, kisha fundi aje apange mambo yake. Injini ya mtumba inaingia, gari linatembea.

Hata hivyo nina masharti, na asiyeweza kuyatimiza asinunue. Kwanza, EJ20, yaani familia ya lita mbili ambayo EJ207 imo, ilianza kutumika mwaka 1989 na Subaru iliacha kuitengeneza mwaka 2020, baada ya kutoa toleo la mwisho la magari 555. Maana yake hakuna EJ207 ya mtumba iliyo changa, na ile inayolingana na gari la mwaka 2004 ina umri wa gari lenyewe. Maneno ya muuzaji kwamba imetembea kilomita chache tu hayana uzito wowote, kwa sababu kilomita ziko kwenye dashibodi na dashibodi ilibaki Japani. Pili, mwambie muuzaji kwamba utapima uvujaji wa silinda injini ikiwa sakafuni, na kwamba utafungua mfuniko wa vali na sampu mbele yake. Akikataa, ondoka. Tatu, hakikisha ni ileile yako kwa herufi na namba zote: kuna zenye kubadili majira ya vali za kuingizia hewa na zisizo nazo, kuna za turbo yenye njia mbili za moshi na za njia moja, na baadhi koo la hewa hufunguliwa kwa kebo wakati nyingine hufunguliwa kwa umeme. Kompyuta ya gari na nyaya zake hazisamehe tofauti hizo.

Nne, kabla ya kuifunga, badilisha mkanda wa taimingi, roli zake, kikaza mkanda, pampu ya maji na sili zote. Hii ni injini ambayo mkanda ukikatika vali hugongana na pistoni, na kuzibadilisha injini ikiwa juu ya stendi ni kazi ya nusu siku tu.

Mdau (mjenzi wa injini, Arusha)

Ndugu wa Nairobi, masharti yako nayakubali yote, na kwa hakika ndiyo yanayothibitisha hoja yangu. Mtu akishafungua sampu, akapima silinda, akabadilisha mkanda, pampu na sili, amekwisha kuifanyia injini ya mtumba theluthi ya kazi ya ujenzi, na bado ndani ana beringi asizozijua. Wengi wanaosifia bei ya mtumba hulinganisha bei ya injini pekee na gharama kamili ya ujenzi, jambo ambalo si haki.

Kuna jambo jingine linalohusu ukanda wetu. Injini hizi zilipangwa kwa petroli ya daraja la juu ya Japani, ambayo oktani yake (kipimo cha kustahimili kulipuka mapema) hufikia kati ya 98 na 100, na mpangilio wa cheche na wa presha ya turbo ulioandikwa kwenye kompyuta yake unategemea hilo. Petroli ya kawaida ya vituo vyetu iko chini ya hapo. Ukiibana turbo kwa nguvu, mchanganyiko hulipuka kabla ya wakati wake, na pistoni iliyomiminwa, ambayo ni ngumu lakini haina unyumbufu, hupasuka kwenye kuta za ringi. Ukifunga injini nyingine bila kuipanga upya kompyuta kwa petroli unayoipata, umeiweka kwenye njia ileile iliyoiua ya kwanza.

Lipo pia suala la uchafu. Beringi ikisagika, chembe zake husafiri pamoja na oili hadi kwenye kipozea oili kilicho nyuma ya filta, kwenye turbo, na kwenye vali ndogo zinazoongoza majira ya vali, ambazo zina vichujio vyembamba mno. Kipozea oili hakisafishiki kikaisha. Vijia vyake vya ndani huficha chuma ambacho kitaachia siku injini mpya itakapopata joto. Kitupe. Turbo ifunguliwe, shafti yake ichezeshwe kwa kidole, na bomba lake la oili libadilishwe pamoja na boliti yenye kichujio. Nimewahi kuona injini nzuri kabisa ya mtumba ikifa muda mfupi baada ya kufungwa kwa sababu kipozea cha ile ya zamani kilihamishiwa kwake ili kuokoa fedha kidogo.

Mdau (Dodoma)

Nichangie kidogo upande wa makaratasi, kwani hausemwi. Namba ya injini imeandikwa kwenye kadi ya gari, na kwenye EJ namba hiyo imepigwa kwenye bloku. Ukibadilisha hedi, krankishafti au pistoni, namba inabaki ileile na hakuna cha kurekebisha. Ukibadilisha bloku au injini nzima, unatakiwa kuipeleka taarifa TRA (mamlaka ya mapato) ili kadi irekebishwe, na kwa ndugu zetu wa Kenya jambo hilo hupitia NTSA (mamlaka ya usafiri na usalama barabarani) pamoja na ukaguzi. Kwa hiyo dai stakabadhi ya forodha na risiti ya muuzaji siku ileile ya kununua. Injini isiyo na karatasi inaweza kukugeuza mtuhumiwa siku ya kuuza gari.

Mleta uzi (Dar es Salaam)

Nawashukuru wote. Tumefuata maelekezo na haya ndiyo matokeo.

Karatasi ya filta ilikuwa na chembe nyingi zinazong'aa. Nyingi hazikuvutwa na sumaku, chache zilivutwa. Uvujaji wa silinda zote nne uko karibu sawa na uko chini ya asilimia 15, namba 4 ikiwemo. Baada ya hapo nilikubali injini ishushwe na kufunguliwa kwa makubaliano kwamba nalipia kufungua na kupima pekee, bila kujifunga kwamba nitaijenga.

Sampu ilipotoka, fundi aliliangalia bomba la kunyonyea oili, lile linaloshuka hadi chini ya sampu, akalipangusa kwa petroli na kulishikia taa. Kwenye uchomeleaji wa kishikizo chake kulikuwa na ufa mwembamba kama unywele, usioonekana kabisa mpaka alipolikunja kidogo kwa vidole viwili ndipo ukafunguka. Ndani ya bloku, beringi za konrodi namba 2 zimezunguka ndani ya kiti chake na kulalana, na jicho la konrodi limebadilika rangi kuwa buluu. Krankishafti ina mikwaruzo inayonasa ukucha kwenye sehemu hiyo moja. Sehemu nyingine zimepoteza mng'ao tu. Beringi kuu zina alama nyepesi. Kuta za silinda bado zinaonyesha mistari ya kiwandani ya kushikilia oili, na hedi zimepimwa kwa rula ya chuma zikaonekana hazijapinda.

Fundi anauliza kama krankishafti ichongwe. Mnaonaje?

Mdau (mjenzi wa injini, Arusha)

Sasa tunazungumza. Chanzo kimeonekana, na ni ugonjwa unaojulikana wa familia hii ya injini: bomba likipasuka hapo, pampu hunyonya hewa pamoja na oili, presha hushuka kwa sekunde chache hasa kwenye mwendo wa juu au kona, na beringi ya konrodi hukauka. Hii inaeleza taa yako kuwaka na kuzimika. Ina maana pia kwamba injini haikufa kwa sababu ya petroli wala ya pistoni, na kwamba silinda na hedi zako zina afya.

Krankishafti isichongwe. Hizi za STI uso wake umekomazwa kwa naitrojeni ili uwe mgumu, na tabaka hilo ni jembamba. Subaru hutoa beringi za kujazia kwa vipimo vya 0.03, 0.05 na 0.25 ya milimita. Mkwaruzo unaonasa ukucha hautaondoka kwa vipimo viwili vya kwanza, na ukichonga 0.25 umeondoa ugumu uliokuwa unaulinda uso huo, halafu itabidi uurudishe kwa kuikomaza upya, kazi ambayo karakana nyingi za huku hazina tanuri lake. Konrodi iliyogeuka buluu nayo ni ya kutupa, kwa sababu joto hilo limeshabadilisha chuma.

Kwa hiyo hesabu yako ni hii: krankishafti mpya, seti mpya ya konrodi, beringi zote, ringi, pampu ya oili, bomba la kunyonyea la aina iliyoimarishwa, kipozea oili, gasketi na mkanda. Bloku, hedi, na pistoni zikipimwa zikawa ndani ya kipimo, vinabaki. Ninashauri ujenge. Fundi wa tatu anayetaka pistoni zilizofuliwa hana kosa la kiufundi, lakini kwa injini ambayo pistoni zake ni nzima na ambayo huongezi nguvu, hizo ni fedha za anasa. Pistoni zilizofuliwa hutanuka zaidi zikipata moto, hivyo hupewa nafasi kubwa zaidi silindani na hupiga kelele asubuhi injini ikiwa baridi. Mwenye gari la barabarani huanza kuhangaika upya akidhani injini imenoki tena.

Kama kungekuwa na tundu kwenye bloku, au viti vya beringi kuu vingekuwa vimeliwa, au uvujaji wa silinda ungekuwa mkubwa kwenye mbili au tatu, ningekuambia bila kusita uachane nayo ununue nyingine.

Mdau (Nairobi)

Nimesoma vipimo na kwa hali hii nakubaliana na fundi wa Arusha, ila naongeza njia ya kati. Kabla hujaagiza krankishafti na konrodi mpya, uliza bei ya EJ207 ya mtumba isiyo na turbo wala vifaa vya pembeni, ambayo hedi yake imeharibika au mkanda wake ulikatika. Wauzaji huzitoa kwa bei ya chini kwa sababu haziwezi kuuzwa kama injini, na mara nyingi krankishafti yake ni nzima. Ukimnunua huyo maiti, unatoa krankishafti na konrodi zenye kipimo cha kiwandani, namba ya bloku yako haibadiliki, na kadi haiguswi.

Mdau (mjenzi wa injini, Arusha)

Njia hiyo ni nzuri, kwa sharti kwamba krankishafti ipimwe kwa maikromita kwenye kila sehemu na ikaguliwe nyufa kabla hujalipa salio. Sehemu ya konrodi ina kipenyo cha milimita 52, na nafasi ya oili baina yake na beringi ni kama sehemu moja ya elfu ya kipenyo hicho, au chini yake kidogo, yaani karibu 0.05 ya milimita. Fundi anayepima nafasi hiyo kwa kuitikisa konrodi kwa mkono asikujengee injini.

Mleta uzi (Dar es Salaam)

Nimeamua kuijenga kwa bloku na hedi zangu. Krankishafti na konrodi nitatafuta kwanza kwenye injini ya mtumba iliyokatika mkanda, na nikikosa yenye vipimo nitaagiza mpya. Kipozea oili na bomba la kunyonyea vimeshaagizwa vipya, na turbo imepelekwa kufunguliwa. Swali langu la mwisho: injini ikishafungwa, iwashwe vipi mara ya kwanza?

Mdau (mjenzi wa injini, Arusha)

Filta na pampu ya oili zijazwe oili kabla ya kufungwa. Chomoa soketi za nozeli na za koili ili injini isiwake, toa plagi zote, kisha izungushe kwa stata kwa vipindi vifupi huku ukiangalia geji ya presha ya kimakanika iliyofungwa kwa muda kwenye bloku. Usitegemee taa ya dashibodi. Presha ikipanda na kutulia, rudisha plagi na soketi, iwashe, na sikiliza. Ikishapata joto na feni ya rejeta ikawaka na kuzima, izime, mwaga oili hiyo, chana filta uiangalie, kisha weka oili mpya ya madini isiyo ya sintetiki. Kilomita za mwanzo endesha kwa kupandisha na kushusha mzunguko bila kuibana turbo, na usishike mwendo mmoja kwa muda mrefu, ili ringi zikae. Hiyo geji usiitoe. Tafuta nafasi yake ya kudumu kwenye dashibodi, kwa sababu taa ya kiwandani huwaka presha ikiwa imeshashuka mno.